Gramafoni ya babu, sikio la bibi na mikono ya mtoto

Katika nyumba moja ya Morogoro, Jumapili baada ya chakula cha mchana ilikuwa saa ya muziki. Bibi alikaa kwenye kochi la dirishani, upande wa kulia wa sebule. Baba alikaa upande wa kushoto, karibu na kabati, na yeye ndiye aliyeweka sahani. Sahani zenyewe ni za marehemu babu: Morogoro Jazz, Super Volcano ya Mbaraka Mwinshehe, na chache za Franco kutoka Kinshasa. Gramafoni pia ni ya babu. Mtoto haruhusiwi kuigusa, na kila mtoto wa nyumba hiyo hulijua hilo kabla hajajua kuhesabu.

Jumapili moja baba aliposhusha sindano, gitaa halikusikika. Ulitoka muungurumo, kama wa friji linalokaribia kufa. Aliinua mkono wa gramafoni, akainama, akaona waya wa bluu, mwembamba kama uzi wa kushonea, unaning'inia chini ya kichwa chenye sindano.

"Nani amegusa hapa?"

Binti wa miaka minane alisema ni yeye. Hakusema zaidi ya hapo, na hakuulizwa zaidi ya hapo. Hakuchapwa, lakini maneno aliyoambiwa yalikuwa mazito, na kwa Jumapili tatu zilizofuata hakukanyaga sebuleni. Alikula jikoni na dada wa kazi.

Jumapili ya nne baba aliamua kutengeneza mwenyewe. Alikuwa amenunua chuma cha kulehemu na koili ndogo ya lehemu kwenye duka la vifaa vya umeme. Alitandaza gazeti juu ya meza ya chakula, akachomeka chuma kwenye umeme. Mama, mwenye ujauzito wa miezi saba, alifungua dirisha ili moshi utoke. Mtoto wa mwisho, wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa anacheza chini ya meza. Wakati baba akijizoeza kwenye kipande cha waya, vitone viwili vya lehemu vilidondoka sakafuni, na kimoja kiling'aa kama shanga.

Hapo ndipo jirani yao, mzee aliyefanya kazi ya fundi redio maisha yake yote, alipopiga hodi kuja kumjulia hali bibi. Alinusa kabla hajapewa kiti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Zima hicho chuma kwanza. Halafu mwinueni mtoto hapo chini."

Moshi unaonekana, risasi haionekani

Wazazi wengi wakisikia harufu ya lehemu hukimbilia kuogopa moshi. Wako sahihi nusu. Moshi ule mweupe hutokana hasa na utomvu wa msonobari unaowekwa ndani ya waya wa lehemu ili kusaidia chuma kishike. Ukivutwa mara kwa mara unaweza kuwasha pua na macho na hata kusababisha pumu, na Uingereza umetajwa kwa miaka mingi miongoni mwa visababishi vya pumu ya kazini. Mtoto mwenye pumu hapaswi kuwa karibu na moshi huo, wala haifai kumpa mtoto kazi ya "kuupuliza", kama wengine wanavyofanya kwa utani. Ili apulize, lazima kwanza avute pumzi.

Lakini jambo zito zaidi liko kwenye chuma chenyewe. Lehemu ya kawaida ya mafundi wetu ni asilimia 60 bati na asilimia 40 risasi, yaani yale madini mazito na laini ya rangi ya kijivu. Ndiyo maana watu wazima wengi huiita lehemu "risasi" tu. Lehemu hiyo huyeyuka kwenye nyuzi joto 183 hadi 190 hivi. Ncha ya chuma cha kulehemu hufika kama 350. Risasi huchemka kwenye nyuzi zaidi ya 1,700, kwa hiyo kwa kazi ndogo ya nyumbani risasi haipandi hewani kwa wingi. Inabaki mezani, inabaki kwenye vidole, inabaki kwenye vitone vilivyodondoka na kwenye kitambaa kilichofutia. Kutoka hapo njia yake ni moja, nayo ni mdomo.

Kwa mtu mzima mzembe, mdomo hufikiwa kwa sigara, karanga au kipande cha muhogo alichoshika bila kunawa. Kwa mtoto anayetambaa, mdomo ndiyo njia yake ya kuijua dunia. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema mtoto mdogo hunyonya mwilini mara nne hadi tano ya kiasi cha risasi ambacho mtu mzima angenyonya akimeza kiasi kilekile. Shirika hilohilo linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Ubongo unaokua ndio unaoumia zaidi: uwezo wa kujifunza, kutulia na kukumbuka. Mtoto mwenye risasi mwilini mara nyingi haonyeshi dalili yoyote ambayo mzazi angeiona kwa macho.

Kwa mjamzito, risasi hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni. Kibaya zaidi, mwili huihifadhi kwenye mifupa kwa miaka, na wakati wa ujauzito mifupa inapotoa madini yake kumjenga mtoto, hutoa na ile risasi ya zamani.

Ni vizuri kupima mambo kwa ukubwa wake. Kulehemu waya mmoja Jumapili moja si sawa na yaliyowapata wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichafua makazi kwa risasi, na kesi yao ikafika Mahakama ya Juu ya Kenya. Hakuna sababu ya baba wa Morogoro kukosa usingizi kwa vitone viwili. Ila kuna sababu ya kuviokota, na ya kutoirudia kazi hiyo kwenye meza ambayo saa moja baadaye itabeba ugali.

Mama alitaka kuifuta meza kwa kitambaa cha jikoni. Mzee alimzuia. Baba ndiye aliyeokota vitone, akakunja gazeti kwa ndani, akafuta meza na sakafu kwa kitambaa kilicholowa maji ya sabuni, kisha vyote vikafungwa kwenye mfuko na kutupwa. Hakufagia, kwa sababu ufagio mkavu hurusha vumbi. Kisha akanawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Vitakasa mikono vya chupa, vile vilivyozoeleka tangu wakati wa corona, huua vijidudu lakini haviondoi risasi.

Mzazi aliyechelewa, akamkuta mtoto tayari amemeza kitone, asimtapishe. Ampeleke kituo cha afya, aende na ile koili au karatasi yake ili daktari ajue ni lehemu ya aina gani.

Waya nne na sauti ndogo

Meza ilipokauka, mzee aliomba kuiona hiyo gramafoni.

Ndani ya mkono wa gramafoni hupita waya nne, kila mmoja mwembamba kama nywele chache zilizosokotwa pamoja. Mweupe na wa bluu ni wa upande wa kushoto. Mwekundu na wa kijani ni wa upande wa kulia. Mweupe na mwekundu hubeba sauti, wa bluu na wa kijani ndio njia yake ya kurudi. Mbele kabisa waya hizo hushikwa kwa vibanio vidogo vya shaba kwenye kidude kinachobeba sindano, ambacho mafundi hukiita katriji. Sindano ikitikiswa na mifereji ya sahani, katriji huzalisha umeme mdogo mno, milivolti chache tu, ambao hauwezi kumdhuru mtu. Amplifaya ndiyo inayoukuza. Kwa kuwa sauti hiyo ni ndogo kiasi hicho, waya mmoja ukilegea, mvumo wa umeme wa nyumba hupata nafasi ya kuingia, na mvumo huo nao hukuzwa. Waya wa bluu uliokatika ndio ulioleta muungurumo ule.

Mzee alimwonyesha baba kosa ambalo angelifanya dakika tano baadaye. Alikuwa amepanga kulehemu kibanio kikiwa bado kimechomekwa kwenye katriji. Joto lingepita kwenye kijiti cha shaba, likayeyusha plastiki kinakoshikiliwa au kukata koili iliyo ndani, ambayo ni nyembamba kuliko waya zote. Katriji ingekufa, na hapo shida ya waya ingekuwa imegeuka shida ya pesa. Kibanio huvuliwa kwanza, kikachomekwa kwenye kijiti cha kuchokolea meno ili kitulie, kisha ndipo kilehemiwe.

Lakini hata hilo halikuhitajika. Gramafoni ya babu ni ya aina ambayo kichwa chake huvuliwa kwa kuzungusha kola, na waya nne fupi za ndani ya kichwa huuzwa zikiwa tayari na vibanio pande zote mbili. Mzee alikuwa nazo kwenye kopo lake nyumbani. Alizichomeka kwa kikoleo cha mama cha kung'olea nyusi, kimoja kimoja, bila kulazimisha. Kibanio kikikaza hupanuliwa kidogo kwa ncha ya sindano ya kushonea. Kikilegea hubanwa kidogo kikiwa juu ya kijiti. Kusukuma kwa nguvu ndiko kunakovunja vijiti vya katriji, na vijiti hivyo havina dawa.

Kichwa kikarudishwa, sahani ikawekwa. Spika ya kushoto iliimba vizuri. Ya kulia ilikaa kimya.

"Kumbe ameharibu pande zote mbili," baba alisema.

Kutoka mlangoni mwa jikoni ikasikika sauti ndogo. "Hiyo ilikuwa haiimbi tangu zamani, baba. Tangu kabla ya likizo."

Watu waligeuka. Binti alisimama nusu ndani, nusu nje. Alisema Jumapili moja alikaa karibu na bibi, akaona muziki unatoka kwa baba tu. Alimuuliza bibi, bibi akamwambia anyamaze. Basi siku moja akaenda kuifuta sindano kwa kitambaa, ili bibi naye asikie, na uzi ule wa bluu ukanasa kwenye kitambaa.

Baba alimtazama mama yake. Bibi alitazama dirishani.

"Mimi nilidhani ni sikio," alisema. "Nikasema, basi, uzee umefika. Nikusumbue kwa nini?"

Sikio la bibi

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu alichofanya bibi hufanywa na wazee wengi. Kitu kikipungua mwilini, au kikionekana kupungua, wanakipa jina la uzee na kukaa nacho kimya. Usikivu wa uzeeni kwa kawaida hupungua polepole, na hupungua masikio yote mawili kwa pamoja. Mzee huanza kukosa sauti nyembamba, kama za watoto na ndege, na hupata shida kuelewa maneno penye kelele. Sikio moja likipungua huku jingine likiwa zima, hiyo inahitaji kuangaliwa. Inaweza kuwa nta tu. Lakini sikio moja likiziba ghafla, kwa siku moja au chache, mgonjwa apelekwe hospitali bila kungoja, kwa sababu kuna aina ya uziwi wa ghafla ambao dawa zake husaidia zaidi zikianza mapema.

Mzee alimfanyia bibi kipimo ambacho hakikuhitaji daktari. Alimwomba ahamie kochi la kushoto, ageuze sikio lake la kulia lielekee spika inayoimba. Bibi alisikia gitaa zote. Alitikisa kichwa, akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka. Miezi mingapi alikuwa amekaa Jumapili kwa Jumapili akidhani sikio linamwaga? Kupelekwa kliniki kupimwa bado ni jambo jema, na mama aliahidi kufanya hivyo akienda kliniki yake mwenyewe. Ila siku hiyo mgonjwa alikuwa gramafoni.

Kumtafuta mgonjwa

Mafundi wazuri hawaanzi kwa kufungua. Wanaanza kwa kubadilisha upande, kwa sababu hakugharimu kitu.

Mzee alizima amplifaya, akabadilisha plagi mbili za sauti nyuma yake: ya kulia akaichomeka kushoto, ya kushoto kulia. Alipowasha, ukimya ulihamia spika ya kushoto. Maana yake spika zote ni nzima na amplifaya ni nzima, ugonjwa unatoka kwenye gramafoni. Kama ukimya ungebaki palepale kulia, gramafoni ingekuwa haina kesi.

Akazirudisha plagi. Kisha akavua kichwa na kubadilisha vibanio kwenye katriji, jozi ya kushoto ikaenda kulia na ya kulia kushoto. Ukimya haukuhama safari hii. Ulibaki kulia. Kwa hiyo katriji nayo haikuwa na kosa, pamoja na kufutwa kwake na mtoto. Zilibaki waya zenyewe, kuanzia kwenye kola ya mkono hadi kwenye plagi. Alifuta vijiti vinne vya ndani ya kola kwa spiriti na pamba, maana mara nyingi uchafu wa miaka ndio unaozuia, na wengi wangepona hapo. Bado kimya.

Ndipo akatoa mita. Lakini kwanza alivua kichwa pamoja na katriji yake, akakiweka mbali kwenye kabati. Mita hupima kwa kupitisha umeme kidogo kutoka kwenye betri yake, na koili za katriji hazikutengenezwa kwa ajili ya hilo.

"Nani anaandika vizuri humu ndani?" aliuliza.

Baba alimwita binti yake, akampa daftari na tochi. Hakusema samahani mbele ya watu. Pengine mtoto alielewa, pengine hakuelewa. Neno lenyewe halijawahi kumpunguzia mzazi heshima, na lingechukua sekunde moja.

Binti alichora vijiti vinne, akaandika rangi kando ya kila kimoja. Mzee aligusa kijiti kwa ncha moja ya mita na plagi kwa ncha ya pili, bila kukandamiza, na binti akasoma namba. Mweupe, mbili na nukta. Bluu, mbili na nukta. Kijani, vilevile. Hizo ni omu, na zikiwa chache hivyo njia ni wazi.

"Mwekundu ni moja," alisema kwa furaha, akidhani moja ni bora kuliko mbili.

Mzee alimwonyesha. Moja ile ilikuwa imesimama peke yake pembeni mwa kioo, bila nukta. Kwenye mita nyingi za bei nafuu hiyo si namba, ni njia ya mita kusema kwamba hakuna njia kabisa. Mita nyingine huandika herufi O na L. Alipousogeza mkono wa gramafoni taratibu kuelekea katikati, namba ziliruka mara moja, kisha ile moja ikarudi. Waya mwekundu ulikuwa unagusa na kuachia.

Kuigeuza gramafoni ni kazi ya kuitayarisha. Plagi ya umeme ilichomolewa kabisa ukutani, si kuzimwa tu, kwa sababu chini kuna mota inayotumia umeme wa nyumba, volti 230, na umeme huo haufanani na milivolti za sindano. Sahani ya kuzungukia ilitolewa, uzito wa nyuma ya mkono ukafunguliwa, mkono ukafungwa kwa uzi kwenye kishikio chake. Ndipo ikalazwa juu ya taulo mbili.

Waya za mkono hushukia kwenye kibao kidogo, ambako hukutana na waya nene zinazokwenda kwenye plagi. Wanaume wawili walitazama, hawakuona kitu. Binti alisogeza tochi.

"Mbona huu mwekundu una kijani?"

Mwisho wa waya mwekundu, pale ulipolehemiwa kiwandani, ulikuwa umeliwa na kutu ya shaba. Ulishikwa na unywele mmoja. Hakuna mtoto anayefika mahali hapo. Ni unyevu na miaka, na kila mara mkono uliposafiri kuelekea katikati ya sahani, unywele mwingine ulikatika.

Kulehemu kulifanyika barazani, juu ya ubao chakavu ambao hautarudi jikoni. Mama na watoto wadogo walibaki ndani. Binti aliruhusiwa kushika tochi akiwa amesimama upande upepo unakotoka, mikono mbali na lehemu, na miwani ya jua ya mama usoni, kwa sababu lehemu ya moto hurukaruka. Baba ndiye aliyeshika chuma na mzee akamwelekeza kwa maneno.

Waya wa aina hii umepakwa vanishi, na vanishi huzuia lehemu kushika. Wengi hudhani wamelehemu kumbe wamebandika. Baba alikata milimita tatu zilizooza, akashika tone la lehemu kwenye ncha ya chuma, akauzamisha mwisho wa waya humo kwa sekunde chache hadi vanishi ikaungua na shaba ikang'aa kwa fedha. Kisha akausogeza kwenye kibao na kugusa mara moja, sekunde mbili, basi. Joto likizidi, waya wa jirani nao huachia. Mzee alisisitiza kitanzi kilegee pale waya unapotoka kwenye egemeo la mkono. Ukivutwa ukakaza, mkono hausafiri kwa uhuru na sindano hula sahani upande mmoja.

Baba aliuliza kama lehemu isiyo na risasi isingefaa zaidi. Inafaa, na mwenye watoto wadogo anayeanza kununua vifaa vyake bora anunue hiyo. Inataka joto kubwa kidogo, huyeyuka kwenye nyuzi 217 au zaidi, na moshi wake bado ni moshi. Lakini haiifuti risasi iliyomo tayari kwenye vyombo vya zamani. Ulaya ilizuia risasi kwenye vifaa vingi vya umeme kuanzia Julai 2006, hivyo redio, gramafoni na televisheni za babu zetu zote zilehesabiwe kuwa na risasi ndani, hata kama aliyezifungua hakutumia lehemu yoyote. Kibao kile kidogo cha kutu alichokigusa binti kwa kidole, kwa mfano. Alinawa.

Na kama waya ungekatikia katikati ya bomba la mkono? Mzee alisema ndiyo pekee inayomtoa jasho. Waya mpya hufungwa kwenye mkia wa ule wa zamani kabla ya kuuvuta, ili wa zamani ukitoka uvute mpya. Anayeuvuta wa zamani kwanza kwa hasira hubaki na bomba tupu. Asiye na uzoefu ampelekee fundi.

Mita ilipopita mara ya mwisho, binti alisoma namba nne, zote mbili na nukta. Ncha ya chuma ilipoa juu ya kigae, nje, ambako hapakuwa na mtoto. Koili ya lehemu iliingia kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko, kopo likapanda juu ya kabati la chumbani. Baba alibadilisha shati. Wote watatu walipanga foleni kwenye bomba la uani, mzee akiwa wa mwisho, akisugua chini ya kucha kama mtu anayejua amezoea kutofanya hivyo miaka arobaini.

Saa kumi na moja jioni bibi alirudi kwenye kochi lake la dirishani. Binti alikaa kwenye zulia, miguuni pake. Baba aliweka sahani ya Mbaraka, akashusha sindano, akarudi nyuma hatua mbili. Zilisikika mikwaruzo midogo ya mwanzo wa sahani, kutoka pande zote mbili, kisha gitaa likaingia, na ngoma ikajibu kutoka dirishani.

Bibi alisikiliza wimbo mzima bila kusema kitu. Ulipokwisha alimgeukia mwanawe.

"Punguza kidogo," alisema. "Mtoto amelala."